Simu ya Mzazi Haikuwa na Virusi

Wasee, wacha nianze na uongo niliosema, ndio tusonge.

Alhamisi moja mwisho wa Januari, saa moja jioni, nilikuwa kwangu Kitengela nikikaanga mayai, simu ikalia. Ilikuwa WhatsApp kutoka kwa Mwalimu. Mwalimu ni mama mwenye shule ndogo ya kibinafsi kule Kajiado mjini, mteja wangu tangu Machi 2024, na si mtu wa kutuma emoji. Alituma skrinishoti moja na maneno matano: "Kijana wangu, hii ni nini?"

Skrinishoti ilitoka kwa mzazi. Huyo mzazi alikuwa ametafuta jina la shule kwa Google ili aone mahitaji ya watoto wanaojiunga. Jina la shule lilikuwepo na anwani ilikuwa ile ile, lakini chini yake, mahali nilipoandika kwa mkono wangu kuhusu elimu bora na mazingira salama, kulikuwa na maneno ya Kiindonesia ya kamari. "Slot gacor", imerudiwa hadi macho yanauma.

Nikafungua tovuti kwa laptopu. Safi. Watoto wanapanda miti, nembo iko juu, fomu ya kujiunga inafanya kazi. Nikamjibu: "Mwalimu, tovuti iko sawa kabisa. Labda simu ya mzazi ina virusi." Nikarudi kwa mayai yangu.

Sikuwa na ushahidi wowote kuhusu simu ya huyo mzazi. Nilisema hivyo kwa sababu ndilo jibu rahisi zaidi duniani kumpa mtu ambaye haelewi kompyuta, na kwa sababu kosa likiwa kwa simu yake haliwi kwangu.

Jumamosi nikiwa steji nasubiri gari, nikakumbuka. Nikatafuta jina la shule kwa simu yangu, nikabonyeza tokeo la kwanza. Ukurasa ukafunguka mweusi, taa za kasino zinawaka, mashine za sarafu zinazunguka. Nikarudi nyuma, nikaandika anwani ya shule mwenyewe herufi kwa herufi. Watoto wanapanda miti. Nikajaribu tena kupitia Google. Kasino.

Kumbe tovuti ilikuwa inachagua ni nani inamwonyesha uso gani. Roboti ya Google ikija, na mtu yeyote akitoka Google, anapewa kamari. Mwenye tovuti, ambaye huandika anwani yake moja kwa moja ama ako na ukurasa ameuhifadhi, anapewa ukurasa wake wa kawaida, alale usingizi. Mbinu hii ni ya zamani na iko kila mahali; tovuti za shule, vyuo na serikali katika nchi nyingi zimebebeshwa hizo slot za Indonesia. Hawana haja na shule yenyewe. Wanataka jina. Google inaiamini anwani ya shule kuliko anwani ya kasino iliyozaliwa jana, kwa hivyo kasino inavaa sare ya shule.

Lakini ili uvalishe tovuti ya mtu sare, lazima kwanza uwe ndani ya nyumba. Hapo ndipo tunafika kwa kitu kinachoitwa webusheli.

Sheli hapa si ile ya petroli pale barabara ya Namanga. Webusheli ni faili ndogo ya msimbo, mara nyingi ya PHP, inayowekwa ndani ya seva katikati ya faili halali za tovuti. Ukiifungua kwa kivinjari kama ukurasa mwingine wowote, unaipa amri na seva inatii: soma faili hii, futa ile, pakia hii, nionyeshe paswadi ya hifadhidata. Aliyeiweka hahitaji tena kuvunja kitu. Ako na mlango wake wa nyuma, na ufunguo ako nao. Na usidhani ni programu kubwa. Kuna moja maarufu inaitwa China Chopper, ambayo vikundi vya ujasusi vimeitumia miaka mingi; ile sehemu inayokaa kwa seva ni mstari mmoja tu wa msimbo. Mstari mmoja, ndani ya tovuti yenye maelfu ya faili.

Wakenya tukisikia wadukuzi, tunafikiria kelele. Januari 2012 jamaa wa Indonesia aliyejiita Direxer alichafua tovuti 103 za serikali yetu. Juni 2019 kikundi kilichojiita Kurd Electronic Security Team kikaweka nembo yake kwa tovuti za serikali, zikiwemo za NYS na IFMIS. Julai 2023 eCitizen ikazimwazimwa na Anonymous Sudan, na ile hata haikuwa kuingia ndani; ilikuwa kujaza mlango na watu bandia hadi wateja wa kweli wakose nafasi. Na tarehe 17 Novemba 2025 tuliamka tukakuta tovuti za wizara kadhaa, kama Mambo ya Ndani, Afya na Elimu, zimeandikwa matusi ya ubaguzi wa rangi. Hao wote walitaka uwaone. Mwenye webusheli anataka kinyume chake. Anataka tovuti yako ifanye kazi vizuri, wageni waongezeke, na wewe uendelee kulipia hostingi. Enyewe ni kama mpangaji asiyelipa kodi, lakini anaombea nyumba isianguke.

Jumapili nikaketi. Nikaingia kwa akaunti ya hostingi, nikafungua folda ya picha. Folda ya picha inapaswa kuwa na picha, sindio? JPG, PNG, labda PDF za karo. Ndani ya folda ya Machi 2024 nikakuta faili moja ya PHP yenye jina la kawaida kabisa, kama mtu aliyekuja harusi bila kualikwa lakini amevaa suti. Tarehe yake ilikuwa sawa na ya picha zilizoizunguka. Nikaifungua: herufi zimechanganywa ovyo, mstari mrefu usioisha, na mwanzoni maneno mawili ambayo sasa nayaona hata nikilala, eval na base64_decode. La pili linafumbua maandishi yaliyofichwa, la kwanza linayaendesha kama amri. Kuna programu halali ambazo huyatumia, lakini hayana biashara yoyote ndani ya folda ya picha za watoto.

Nikafuta. Nikabadilisha paswadi yangu. Nikamwandikia Mwalimu: "Nimeshatengeneza." Nililala kama bingwa.

Jumatatu asubuhi faili imerudi, jina lingine na folda nyingine.

Hapa sasa wacha nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu hukosea, na si wadogo pekee. Mapema 2021 mashimo yalipatikana kwa seva za barua pepe za Microsoft Exchange, na wadukuzi wakapanda webusheli kwa maelfu ya seva duniani kabla watu hawajaziba. Aprili mwaka huo FBI ilienda mahakamani huko Texas, ikapewa ruhusa ya kuingia kwa mamia ya seva za watu ndani ya Marekani na kufuta zile webusheli. Waliingia vipi? Kupitia zile zile webusheli. Waliiambia kila moja ijifute. Lakini taarifa ya serikali yao ilisema wazi kwamba hawakuziba shimo lenyewe wala hawakutafuta kitu kingine ambacho wadukuzi wangekuwa wameacha ndani. Hiyo ilikuwa kazi ya mwenye seva. FBI nzima, na bado kufuta webusheli ilikuwa nusu ya kazi.

Mtu wa Kitengela hahitaji FBI kuelewa hii. Babu wa rafiki yangu ana boma upande wa mbuga, na fisi akiingia usiku hakuna anayemfukuza halafu akarudi kulala. Watu huzunguka ua na tochi hadi wapate pale miiba imefunguka. Mimi nilikuwa nimefukuza fisi.

Usiku wa Jumatatu sikulala. Kwanza, kabla ya kugusa chochote, nikanakili tovuti yote pamoja na logi za seva kwa diski ya nje. Jumapili nilikuwa nimefuta ile faili bila kubaki na nakala, na hiyo ilikuwa ujinga, kwa sababu faili ya mwizi ndiyo alama ya kidole chake. Kisha nikaweka ukurasa wa "tunafanya matengenezo", ili angalau mzazi mwingine asipelekwe kasino.

Halafu nikasoma logi. Logi ni daftari ambalo seva inaandika kila anayebisha: saa, anwani yake ya intaneti, faili aliyoitaka, na namna alivyoitaka. Mtu wa kawaida anayesoma ukurasa ama kuangalia picha huomba kwa GET, yaani nipe. Fomu hutumwa kwa POST, yaani pokea. Sasa jiulize: ni nani anatuma POST kwa folda ya picha, saa tisa usiku, mara arobaini mfululizo? Hakuna mzazi anayejaza fomu kwa picha. Nikachuja POST zote zilizoenda kwa faili za PHP nisizozijua. Zikatoka nne. Nilikuwa nimefuta moja.

Moja ilikuwa ndani ya folda inayoitwa mu-plugins. Wengi hawaijui hii. Plagini zikiwa hapo WordPress inaziendesha yenyewe, na hazionekani kwa ile orodha ya kawaida ya plagini. Huwezi kuzizima kwa kubonyeza. Hiyo ndiyo iliyokuwa inazirudisha zile zingine kila zikifutwa. Ya pili ilijificha kati ya faili za WordPress yenyewe, jina limefanana na la halali ila herufi moja. Hiyo nisingeiona kwa macho hata kwa mwezi. Iliyonisaidia ni amri moja ya WP-CLI, wp core verify-checksums, inayolinganisha faili zako za msingi na alama za faili asili za WordPress, kisha inakwambia: hii imebadilishwa, hii haifai kuwepo. Sekunde chache tu. Miaka miwili nimekuwa nikijiita mtengenezaji wa tovuti na sikuwahi kuiendesha.

Kwa hifadhidata kulikuwa na msimamizi wa pili. Alikuwa amefichwa asionekane kwa orodha ya watumiaji, lakini idadi juu ya orodha ilisema 3 na majina niliyoyaona yalikuwa 2. Na kule Google Search Console, mahali mwenye tovuti huthibitisha kwamba ni yake, kulikuwa na mmiliki mwingine ambaye si mimi wala Mwalimu. Jamaa alikuwa amejiandikisha kama mwenye shule.

Ya nne ndiyo iliyonimaliza. Ilikuwa ndani ya functions.php ya themu.

Themu, kwa wale hamjui, ni mavazi ya tovuti: rangi, mpangilio, vile picha zinateleza. Ile themu ya shule huuzwa karibu dola 60, kama elfu 8 hivi. Mwalimu alikuwa amenilipa elfu 25 kwa kazi yote. Mimi niliitoa kwa kikundi cha Telegram ambapo themu za kulipiwa zinagawanywa bure, zimeshavunjwa kufuli. Kila mtu niliyemjua alikuwa anazitoa hapo.

Zipu ya awali bado ilikuwa kwa laptopu yangu, kwa folda ya vitu nilivyopakua Machi 2024. Niliifungua nikijua tayari. Mistari ile ile, neno kwa neno, ilikuwa mle ndani kabla hata sijaipandisha kwa seva.

Kwa hivyo hakuna aliyevunja mlango wa shule. Hakuna gwiji wa Indonesia aliyekaa usiku kucha akinikabili. Mimi ndiye nilimbeba mgongoni, nikamfungulia, nikampa kitanda, halafu nikamtumia Mwalimu risiti.

Na si siri kwamba mambo huwa hivyo. Mwaka wa 2019 kampuni ya usalama ya Wordfence ilitoa ripoti ndefu kuhusu kirusi kinachoitwa WP-VCD, ambacho kilisambaa kupitia themu na plagini za wizi hasa. Ukiwasha themu moja tu, kinajinakili kwa themu zako zingine zote, kinarudisha tarehe za faili zilivyokuwa ili usishtuke, kisha kinatafuta tovuti zingine zilizo kwa akaunti hiyo hiyo na kuziambukiza. Ile ya kwangu ilikuwa na tabia za ukoo huo. Anayekupa themu ya elfu 8 bure si Robin Hood. Wewe ndiye msambazaji wake, na hata mshahara hakupi.

Najua mtakachosema, kwa sababu rafiki yangu tunayefanya naye hizi kazi aliniambia usiku huo huo kwa simu: mteja wa elfu 25 hawezi kulipa themu ya elfu 8. Sawa. Lakini WordPress ina orodha yake rasmi ya themu za bure, maelfu, zinazokaguliwa kabla ya kuwekwa. Nilikuwa nazijua. Sikuiba kwa sababu ya njaa. Niliiba kwa sababu ile nyingine ilikuwa na picha zinazoteleza, na nilitaka Mwalimu aseme "wah".

Na bakapu? Nilikuwa nazo, kila wiki, najivunia. Zote zilikuwa na mgonjwa ndani, kwa sababu tovuti ilizaliwa mgonjwa. Hakukuwa na siku safi ya kurudi.

Pia nilikuwa nimeweka plagini ya usalama. Hapa lazima nimtaje kijana wetu, Richard Turere, aliyekulia huku Kitengela pembeni ya mbuga ya Nairobi. Simba walikuwa wanakula ng'ombe wa babake. Akajaribu sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba wakarudi nyuma, siku ya pili wakaona hiki kitu hakisongi, wakaingia. Baadaye akagundua wanaogopa mwanga unaotembea, akaunganisha taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka zizi, na mwaka wa 2013 akiwa na miaka 13 akaenda kulieleza jambo hilo TED. Plagini yangu ya usalama ilikuwa ile sanamu. Niliisimamisha Machi 2024 na sikurudi kuiangalia. Ilikuwa imezimwa tangu wiki ya pili, na si mimi niliyeizima.

Kufikia alfajiri nilikuwa nimejenga upya. Sikusafisha, nilijenga upya. WordPress mpya kutoka chanzo chake, plagini mpya kutoka orodha rasmi, themu ya bure yenye sura ya kawaida. Kutoka kwa tovuti ya zamani nilichukua picha tu, baada ya kuhakikisha hakuna PHP hata moja kati yao, na maandishi kutoka hifadhidata, nikiyapitia. Nikaondoa yule msimamizi wa siri na yule mmiliki bandia wa Google. Nikaangalia kazi zilizopangwa kujiendesha kwa seva, kwa sababu hapo pia hujificha. Paswadi zote mpya: hostingi, FTP, hifadhidata, WordPress, barua pepe. Zile funguo za siri kwa wp-config pia, ndio kila aliyekuwa ameingia atolewe nje hata kama paswadi alishaihifadhi. Watu husahau hiyo. Julai 2025 seva za SharePoint zilivamiwa na wadukuzi wakaondoka na funguo za mashine, kwa hivyo hata waliosasisha programu haraka waliambiwa wabadilishe funguo pia, la sivyo mwizi angerudi akiwa na ufunguo halali mfukoni. Mwisho nikaizuia seva isiendeshe PHP yoyote ndani ya folda ya picha. Mtu akipandisha webusheli tena hapo, itabaki maandishi tu.

Hiyo ni kazi ya kompyuta, na kusema kweli ilikuwa rahisi kuliko iliyobaki.

Ile fomu ya kujiunga ilikuwa inahifadhi majina ya wazazi, namba za simu, majina ya watoto na tarehe za kuzaliwa. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 43 kinasema mwenye data, hapa ni shule, akigundua imefikiwa na mtu asiyefaa na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, anamjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na wenyewe pia waambiwe. Yule anayemshughulikia data, ambaye ni mimi, anatakiwa kumwambia mwenye data bila kuchelewa, na inapowezekana ndani ya saa 48. Mimi niliona ile faili Jumapili jioni, nikasema "nimeshatengeneza". Saa zangu zilikuwa zinaisha Jumanne jioni.

Ningeweza kunyamaza, na msinidanganye kwamba nyinyi hamngelifikiria. Tovuti iko safi, Mwalimu ana furaha, kasino itatoka Google polepole. Jumanne asubuhi nikaingia matatu ya Kajiado. Ni kama kilomita 50, unapita Isinya, malori ya Namanga yanakupepeta. Mwanzoni nilikuwa napanga hotuba. Tulipofika Isinya nikaiacha.

Ofisi yake iko karibu na jikoni ya shule. Kulikuwa na harufu ya githeri. Nikamwamkia, akaniambia niketi. Nikamweleza yote, pamoja na Telegram. Hakunikatiza. Nilipomaliza akavua miwani.

"Kwa hivyo simu ya mzazi ilikuwa na virusi ama haikuwa na virusi?"

"Haikuwa, Mwalimu."

"Na wewe ulijua haikuwa?"

"Sikujua. Nilisema tu."

Akanyamaza kidogo. "Mimi nilimpigia yule mzazi," akasema. "Nikamwambia aende akatengeneze simu. Alienda. Alilipa."

Hiyo sikuwa nimeifikiria. Nilikuwa nimefikiria seva, faini, jina langu. Sikufikiria kwamba ule uongo ulipanda boda ukaenda hadi kwa fundi wa simu na kumtoa mama mmoja pesa za mboga.

Akaniuliza kama data ya watoto imechukuliwa. Nikamwambia ukweli: logi zilizobaki ni za miezi miwili tu, na aliyekuwa ndani alikuwa na njia ya kusoma hifadhidata yote, kwa hivyo tuchukulie kwamba imeshachukuliwa. Akauliza mtu anaweza kuifanyia nini. Nikasema anaweza kumpigia mzazi, amtaje mtoto kwa majina yake matatu na siku yake ya kuzaliwa, aseme mtoto yuko hospitalini, atume pesa. Hapo ndipo nilimwona ameshtuka kwa mara ya kwanza. Kamari haikuwa imemshtua.

Tukakaa hapo hadi saa nane. Tukaandika taarifa ya Kamishna pamoja, mimi nikijaza sehemu za kiufundi. Ujumbe kwa wazazi aliuandika mwenyewe, kwa lugha ambayo nisingeiweza: kwamba namba zao na majina ya watoto huenda yako mikononi mwa watu wasiojulikana, kwamba shule haitawahi kuomba pesa kwa simu ya ghafla, na wakipigiwa wakate wampigie yeye. Kabla ya kuutuma akaniuliza: "Niandike ni nani alifanya hivi?" Nikamwambia aandike ni mtengenezaji wa tovuti. Akaandika hivyo. Jina langu hakuliweka, ingawa nilikuwa nimempa ruhusa.

Kisha akanipa namba ya yule mzazi wa kwanza. Nilimpigia nikiwa nje, kando ya geti. Alikuwa mtulivu kunishinda. Aliniambia fundi alimwambia simu haina shida, lakini "akaisafisha" kwa shilingi mia tano. Nikamrudishia kwa M-Pesa papo hapo, na yeye akanitumia "asante sana" yenye emoji ya mikono.

Mwalimu hajanifuta kazi, bado. Amesema atafikiria mwisho wa muhula. Nimemlipia hostingi ya shule kwa akaunti yake peke yake, kwa jina lake, na paswadi ako nayo yeye, imeandikwa kwa daftari ndani ya kabati la ofisi. Mimi nikitaka kuingia naomba. Kila Jumatatu nasoma logi kabla ya chai.

Kwa sababu, kama mmefuata, ile themu ilikuwa kwa akaunti ambayo nilikuwa nimerundika tovuti tano, ili niokoe pesa ya hostingi. Shule ilikuwa moja. Ya kwangu mwenyewe ilikuwa ya pili, nayo ilikuwa imejaa. Mwenye saluni ya hapa Kitengela nimeshamwona. Alinitazama kama nywele iliyokwama kwa kitana, lakini alinisikiliza hadi mwisho. Kwaya ya kanisa nimeongea na mwenyekiti wao, na wamenipa dakika tano Jumapili baada ya ibada.

Amebaki mzee wa vifaa vya ujenzi. Fomu yake ya oda ina majina ya wateja na plot zao. Nimempigia mara mbili leo. Kijana wake wa duka anasema mzee hapokei simu kabla ya saa nne, na akipokea anapenda mtu aanze na habari za ng'ombe.